Kota Aliyetazama Pembeni

"Dada, mimi naacha chuo! Kesho narudi Nyanungu kuchunga ng'ombe, na huyo Mzungu atafute mtu asiye na wazazi!"

Hivyo ndivyo mdogo wangu Mniko alivyoingia jikoni kwangu Nkende, bila hodi, vumbi mpaka kwenye nyusi, nami nasonga ugali. Nilimwambia asalimie kwanza, maana hata kama chuo kimeungua watu husalimiana. Akasalimia. Halafu akaendelea palepale alipokatiza.

"Anataka Waitara ainame mbele yangu. Mimi nisimame nyuma yake, niweke mikono hapa," akanionyesha mahali penyewe kwa kutumia mwiko wangu, "halafu anipe mpira kwa kuupitisha katikati ya miguu. Waitara, dada! Tata Waitara!"

Mume wangu Rubeni alikuwa mlangoni na cherehani yake. Yeye ni mtu wa Majita, mambo yetu alikuwa anajifunza polepole. "Waitara yupi?" akauliza. "Yule kijana mnene wa bwenini kwenu? Tangu lini amekuwa baba yako?"

"Tangu kuzaliwa," nikamjibu mimi, maana Mniko alikuwa anahema.

Kwetu Wakurya mtu ana umri wake na ana kizazi chake, na hivyo ni vitu viwili. Kizazi unakirithi kwa ukoo, hakiangalii mvi. Baba yake Waitara alizaa mpaka meno yakamwisha, na Waitara ndiye kitinda mimba wake. Basi kwa kizazi akawa sawa na baba yetu mzee Nyamhanga, ingawa alimzidi Mniko miezi tu. Na kati yako na mtu wa kizazi cha baba yako kuna ensoni, ile aibu ya heshima: huongei upuuzi mbele yake, hukai kitandani pake, humtazami akiwa amejiachia. Kumgusa huko nyuma hakusemwi hata kwa mzaha. Wavulana hao walilala bweni moja, wakala sahani moja, lakini kila asubuhi Mniko alisema "shikamoo, tata", na Waitara akaitika "marahaba" na mswaki mdomoni.

"Mwambie Mzungu hutaki," akasema Rubeni.

"Nimechelewa," akasema Mniko, akaketi chini. "Leo alinishika mabega akanisukuma. Mkono ukagusa. Tata Waitara akaruka kama amekanyaga siafu, mpira ukaenda kuangukia kwenye sufuria la maharage. Amenitoza mbuzi. Na mzee akisikia, dada, unajua mwenyewe."

Nilijua. Baba alimtoa Mniko machungani kwa shingo upande, baada ya padre na mimi kumlilia msimu mzima. Alisema akisikia chuo kimemfundisha mtoto wake ukosefu wa adabu, atakuja na fimbo amrudishe siku hiyo hiyo. Na Mniko alitaka ualimu kuliko kitu chochote duniani. Ila kuna kitu kingine alichokitaka karibu sawa na huo ualimu, na ndicho kilichomliza jikoni kwangu: alitaka kurusha lile yai.

Sasa nieleze hilo yai. Chuo kilikuwa kidogo, cha walimu wa daraja C, kwenye mabanda ya zamani ya misheni, na leo hakipo. Muda mfupi baada ya Azimio la Arusha akaja mwalimu wa kilimo kutoka Amerika, Mwalimu Hesi, mrefu, mwekundu kama nyanya, mwenye moyo safi na masikio makubwa. Katika sanduku lake alikuja na mpira wa ngozi uliochongoka pande mbili, nao wanachuo wakauita yai. Kwao, alisema, kila chuo kina timu ya mpira huo, na mtu mmoja ndiye kichwa cha timu: anapokea mpira, anaangalia nani yuko wapi, anamrushia. Huyo anaitwa kwotabeki. Wanachuo wakakata jina likabaki kota. Kufunga bao wakakuita kutaga.

Mwalimu Hesi alimpataje kota wake? Wanachuo walikuwa wanajenga bweni kwa mikono yao, kujitegemea kwenyewe, sio kwa kuimba tu. Mwalimu Hesi akapita, akaona kijana amesimama chini anamrushia fundi matofali juu ya ukuta, moja baada ya moja, na kila tofali linatua kiganjani kwa fundi kama limewekwa. Fundi hata hakuwa anatazama, alikuwa anapiga soga. Kijana huyo alikuwa Mniko. Mkono huo hakuupata chuoni. Aliupata machungani, kwa kurudisha madume yaliyokaidi. Alikuwa akilenga donge la udongo lidondoke mbele ya pua ya ng'ombe, sio kwenye ng'ombe, maana ukimpiga ng'ombe wa baba kwa donge, na wewe unapigwa. Mwalimu Hesi akampa yai. Mniko akalizungusha mkononi, akalitupa, likapita juu ya bendera ya chuo likianza kuzunguka lenyewe angani kama kipekecho. Wanachuo wakashangilia. Mwalimu Hesi, kwa maelezo ya walioona, alivua kofia.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa amekaa kwenye sakafu yangu anasema anarudi kuchunga.

"Si wabadilishe huyo anayeinama?" nikamuuliza.

"Walijaribu. Mwenzetu Ojwang alisema, 'Mimi Mjaluo, hiyo ensoni yenu hainijui, acheni niiname mimi.' Akainama. Hezekia wa timu yetu akamgonga kidogo tu, Ojwang akabiringika mpaka kwenye shimo la mbolea. Ana mbio, dada, lakini ana uzito wa kuku. Anayeinama ndiye ukuta. Wote wanamjia yeye. Hakuna ukuta ila tata Waitara."

Kesho yake nikabeba kikapu cha viazi vitamu, nikaenda chuoni mwenyewe. Rubeni aliniuliza naenda kufanya nini kwenye mambo ya wanaume. Nikamwambia ninayo midomo miwili, mmoja wa kulia chakula na mwingine wa mambo ya wanaume.

Nilimkuta Waitara kwenye shamba la chuo, anachimba viazi. Kijana mkubwa, mabega kama mlango wa ghala, mpole. Nami kwangu alikuwa baba, kwa hiyo nikasimama mbali na kumwamkia kwa adabu zote, ingawa ningeweza kumnyonyesha. Nikamwambia, "Tata, mtoto wako anataka kuacha chuo kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu? Mimi nimemtoza mbuzi tu. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningemtoza na mtungi wa pombe."

"Mbuzi atalipa. Lakini huo mpira mtafanyaje?"

"Sijui," akasema kwa huzuni ya kweli. "Na mimi naupenda. Ni mchezo pekee ambao hawanisemi unene wangu." Akainama kuendelea na kazi. Nikageuza uso haraka kutazama mlima, kama inavyopasa. Mara nikasikia kiazi kinatua karibu na mguu wangu: pu. Kingine: pu. Unajua watu wanavyochimba viazi kwa haraka: anang'oa, anavirusha nyuma kupitia katikati ya miguu, virundikane njiani, bila kugeuka. Na kila akirusha, Waitara alikuwa akiguna: "Eh!" Kiazi cha tatu kikaingia ndani ya kikapu changu.

"Tata," nikasema, uso bado mlimani, "hicho ulichonirushia kina tofauti gani na yai la Mzungu?"

Akasimama wima. Akacheka mpaka jembe likamwanguka.

Jioni ile ile wakajaribu. Mniko alisimama nyuma kabisa, mbali kiasi cha heshima, uso ameugeuzia Nkende kana kwamba anamsubiri mgeni. Waitara akainama, akaguna "Eh!", akarusha. Mniko akausikia mguno, akanyoosha mikono pembeni, mpira ukaingia. Hakuutazama ulikotoka hata kidogo! Ulipokuwa mikononi na Waitara amekwisha inuka, ndipo akageuka na kuutupa kwa Ojwang kule mbali. Mwalimu Hesi akasema hata kwao wapo wanaopokea kwa mbali, ila hajapata kuona anayepokea anaangalia upande. Nikamwambia, "Mwalimu, kwenu hamna baba."

Likabaki jambo la amri. Kota ndiye anayetoa sauti mpira uanze, na Mwalimu Hesi alitaka apige kelele kama askari. Mniko akagoma tena. Mtoto amwamrishe baba? Wakasuluhisha hivi: Mniko aseme kwa sauti ya adabu, "Tata, naomba." Na Waitara atoe atakapoona vema. Wakati mwingine alitoa papo hapo. Wakati mwingine alikaa kidogo, kama baba anayetafakari ombi la mwanawe. Mwalimu Hesi alishika kichwa. Hakujua bado kwamba ameokota mali.

Mimi na Rubeni tulishona mavazi. Mabega ya magunia ya mkonge yaliyojazwa pamba ya kwetu, yenye mbegu kidogo maana hatukuwa na pesa ya iliyochambuliwa. Kofia za kugongana hazikupatikana, Hezekia akaja na wazo la vibuyu vilivyopasuliwa nusu. Vibuyu viliisha siku ya kwanza. Hezekia alitembea wiki nzima na kipande cha shingo ya kibuyu nyuma ya sikio, akikataa kukubali.

Mechi ilikuwa Sabasaba. Upande wa pili wa mpaka kulikuwa na chuo kingine cha misheni, kina Mmarekani wao, na huyo Mmarekani alisoma na Mwalimu Hesi. Mpaka wa Sirari siku hizo ulikuwa mwepesi, watu walivuka kwenda kunyolewa. Vijana wa Kenya wakaja kwenye lori, wamevaa kofia ngumu za kweli zilizotoka Amerika, wakatukuta sisi tumevaa magunia. "Ninyi ni timu ama ni mahindi?" akauliza mmoja wao. Ojwang akamjibu kwa Kijaluo neno ambalo sikuelewa, lakini yule kijana hakuuliza tena.

Watu walijaa. Nilikuwa nauza uji upande wa goli, na katikati ya kumimina nikainua macho nikamwona mzee Nyamhanga, baba yetu, na fimbo yake, koti lake la kijeshi, amesimama kwenye mstari kabisa. Alileta dume mnadani, na mtu mwenye mdomo akamwambia, "Mwanao anacheza mchezo wa kuwashika wazee matako." Uji ulinimwagikia mkononi. Nikaenda kumwamkia.

"Yuko wapi Waitara, mtoto wa yule mzee wa kilimani?" akauliza bila kuitika.

"Yule pale, baba. Anayeinama."

"Na wangu?"

"Yule kule. Anayetazama huku."

Mzee akamtazama Mniko. Mniko akamwona mzee.

"Tata, naomba," akasema Mniko, uso kwetu.

Kenya walijipanga, wamekaza misuli. Waitara akatafakari. Wakenya wawili wakashindwa kuvumilia, wakachomoka kabla ya mpira. Mwamuzi akawapigia filimbi, akawarudisha nyuma. Ikarudiwa. "Tata, naomba." Wakachomoka tena. Mwamuzi, ambaye ni Mmarekani wao wenyewe, akawafokea. Mara ya tatu wakaogopa wakakaa, na palepale "Eh!" mpira ukatoka. Wao walikuwa wanamtazama kota, wanaona kijana ametupa macho pembeni kama anahesabu mawingu, wakajua bado. Wakaja kushtuka Ojwang ametaga.

"Huyu kota wenu amelala!" akapiga kelele kijana mmoja wa lori.

"Mwacheni alale," nikamwambia, "ninyi mkiamka mnafanya nini?"

Lakini walikuwa wakubwa, na kofia zao zilikuwa za kweli. Walitutagia mara mbili kwa nguvu tu, wakipita juu ya magunia yetu pamba ikiruka hewani kama kuku wananyonyolewa. Muda ukawa umebaki kidogo sana na tuko nyuma yao.

"Tata, naomba!"

Waitara alikuwa amegongwa mchana kutwa, mikono ina jasho na matope. Akaguna "Eh!", lakini yai likateleza. Halikuruka. Lilianguka palepale nyuma ya visigino vyake, naye bado amepinda, mtu wa Kenya amemlalia mgongoni, hawezi kuinuka.

Mniko alisikia mguno, hakuona mpira. Ikambidi ageuke. Akaona yai liko chini ya baba yake, mahali ambapo mtoto hapaendi. Uwanja mzima ulipiga kelele, "Chukua! Chukua!" Mwalimu Hesi alikuwa anarukaruka. Hatua chache tu, ajitupe, aingize mkono. Na kwenye mstari amesimama mzee na fimbo.

Niseme kweli, hata mimi nilipiga kelele achukue.

Mniko hakuchukua. Alirudisha uso pembeni, akasimama, akapaza sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Samahani, tata! Mpira uko kwako!"

Kwa kitambo hakuna aliyeelewa. Kisha Waitara akanguruma, sijasikia mtu akinguruma vile tena, akajiinua na yule Mkenya mgongoni kama mtu anayebeba gunia la mtama, akageuka, akaokota yai kwa mkono mmoja. Sasa walikuwa uso kwa uso, na uso kwa uso ensoni haivunjiki. Akamkabidhi mkononi kama mzazi anavyokabidhi. "Chukua, mwanangu."

"Asante, tata," akasema Mniko. Wakenya wanamjia, yeye anashukuru! Halafu akatupa.

Sijui lilikwenda umbali gani. Najua lilipita juu yangu, juu ya sufuria la uji, juu ya lori lao, na Ojwang alikuwa chini yake anakimbia. Alilidaka, akavuka mstari, akaendelea, akaingia kwenye mahindi ya watu, akapotea. Ilibidi waende kumtafuta wamwambie kwamba mchezo umekwisha na tumeshinda. Wale Wamarekani wawili walibishana kidogo kama ni halali kupewa mpira namna ile, wakafungua kitabu, wakakuta ni halali, wakakumbatiana.

Mzee Nyamhanga alisubiri kelele zitulie. Mniko akaja, akasimama mbele yake kichwa chini, gunia limepasuka, pamba imemjaa kichwani akawa na mvi kuliko baba.

"Niliambiwa unawashika wazee," akasema mzee.

"Ndiyo, baba."

"Nimeona umekataa kuokota."

"Ndiyo, baba."

Mzee akamgeukia Waitara, mwenzake wa kizazi. "Huyu mtoto wetu amewahi kukukosea?"

Mbuzi alikuwa bado hajalipwa, na neno moja la Waitara lingempeleka Mniko Nyanungu jioni ile.

"Kati yangu na mtoto hakuna neno la kukusumbua wewe," akasema Waitara. "Mambo madogo tunayamaliza wenyewe."

"Basi," mzee akasema. "Ni mchezo wa kijinga. Lakini amebaki na adabu zake, abaki na chuo chake." Akaomba uji. Sikumtoza.

Hiyo ndiyo kazi yote ya ukota ya ndugu yangu. Mwaka uliofuata walicheza tena upande wa Kenya, wakapigwa vibaya, kwa sababu wenzao walikuwa wamejifunza kusubiri. Kisha Mwalimu Hesi akarudi kwao, yai likatobolewa na mwiba, fundi viatu akalishona mpaka likawa duara, na mambo yakaisha. Wanachuo wakapangiwa vituo. Mniko akapelekwa shule ya kijiji upande wa Serengeti, nje kidogo ya Mugumu. Ojwang akarudi ufukweni kwao kufundisha. Waitara akapelekwa mbali, kisha wakati wa vijiji, watu walipohamishwa wakakusanywa, akaletwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ile ile ya Mniko. Wakajenga madarasa mapya kwa mikono, na Mniko, baba wa watoto sasa, alisimama chini akirusha matofali. Wanafunzi walikuwa wanatoroka vipindi kuja kumtazama.

Na mbuzi? Ah, mbuzi. Mniko alimtafuta miaka. Wa kwanza aliliwa na fisi. Wa pili alimpeleka, akaambiwa ni dume, desturi inataka jike. Wa tatu aliingizwa kwenye zizi la kijiji cha ujamaa, na mwenyekiti akasema mbuzi wa wote hawezi kulipa kosa la mmoja. Waitara hakudai kwa ukali, alidai kwa tabasamu, na hiyo ni mbaya zaidi. Wakikutana ofisini: "Shikamoo, tata." "Marahaba. Mbuzi wangu hajambo?"

Nilikuwepo siku alipolipwa. Nilikwenda Mugumu kwa basi la Musoma kumwona shangazi hospitali, nikapitia kwao. Mniko alitoka zizini kwake mwenyewe akilivuta jike jeusi, safi, lenye mimba, akalifunga mguu kwa kamba kwenye nguzo ya ofisi ya mwalimu mkuu. Waitara akatoka. Amenenepa zaidi, ana miwani. Akalizunguka, akalipapasa, akatafuta kasoro, akakosa.

"Ni huyu?"

"Ni huyu, tata."

"Nimempokea." Na hapo hapo, mzee wa watu, akainama kufungua kamba.

Mimi nikageuka kutazama mlima. Mniko alikuwa amegeuka kabla yangu. Tulisimama wawili, watu wazima tunaokaribia kupata wajukuu, tunatazama mlima usio na chochote, nyuma yetu mwalimu mkuu anapambana na fundo.

"Mmegeuka?" akauliza.

"Tumegeuka, tata."

"Vizuri. Mbuzi ni wangu, kamba ni yako." Nikasikia: "Eh!"

Kamba ikapita katikati ya miguu yake na kuja hewani. Mniko, macho yakiwa bado mlimani, akanyoosha mkono pembeni akaidaka.